Mama Mkwe Kiti cha Nyuma: Kutoka Nakuru Hadi Ngomeni

Nimeona nikae chini niandike mara moja, maana kila anayeingia dukani kununua dawa ya kupe ananiuliza kwanza Mombasa kulikuwaje. Wengine mmesikia kwamba nilimkosea mama mkwe hadi akalia mbele ya wazungu. Wengine mmesikia nilimwokoa asizame baharini. Bahari yenyewe hakuigusa hata kwa kidole, kwa hivyo hilo la kuzama lifuteni. Hilo la kulia ni kweli, na nitalifikia.

Kutoka Nakuru

Mambo ya kutafuta gari na mahali pa kulala nayaruka. Gari lilikuwa Noah ya shemeji yangu, nyumba tulipata Mji wa Kale, basi. Tulikuwa watano. Kulikuwa na mimi, mke wangu Chebet, na binti yetu Jelagat wa Gredi ya Tano, ambaye ndiye aliyeanzisha kilio cha kwenda kuona Fort Jesus baada ya kufundishwa shuleni. Kulikuwa na Kigen, mdogo wake, ambaye akivaa viatu peke yake lazima avigeuze. Na kulikuwa na mama yake Chebet, ambaye watoto wanamwita Gogo. Gogo analima viazi kule Olenguruone na alikuwa hajawahi kuvuka Nairobi. Aliposikia habari ya safari alisema naye anataka kuyaona hayo maji yasiyo na ng'ambo kabla magoti hayajakataa.

Gogo ana ugonjwa wa sukari. Anadungwa sindano asubuhi na jioni, na akishadungwa lazima ale. Daktari alitueleza bila kupindisha maneno: sindano ikiingia na chakula kisiingie, sukari inashuka, na ikishuka sana mtu anaweza kulala asiamke. Ilishamtokea mara moja. Majirani walimkuta ameanguka katikati ya mistari ya viazi, na ni bahati tu kwamba mbwa wake hakunyamaza. Kwa hivyo safari hii ilikuwa na kazi moja tu kubwa, Gogo ale kwa wakati wake.

Mtasema ni kazi rahisi. Sasa sikieni ugumu wake, hasa ninyi mliooa kwa watu wengine. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mmoja hali mwenzake akimwona. Nikiingia nyumbani kwa Gogo, anavuta leso kichwani na kugeukia ukuta. Tukikutana njiani, naingia majanini apite. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na mimi nimelelewa nayo kama yeye. Siku hizi wengi wamelegeza. Kuna jamaa namjua anayebishana na mama mkwe wake kuhusu mpira. Gogo si wa hao. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunielekezea neno moja. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Chebet, hata nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mwambie mlango wa nyuma haukufungwa vizuri." Nami namwambia Chebet, "Mwambie nitaufunga."

Basi akachagua kiti cha nyuma kabisa, pamoja na mabegi. Chebet na Kigen wakakaa katikati, Jelagat mbele nami. Kabla hatujatoka getini Chebet alinyoosha mkono akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, ili macho yangu yasikutane na ya mama yake. Jaribuni ninyi kuendesha gari la watu bila kioo hicho, na malori yanawasukuma kutoka Gilgil hadi Naivasha. Niliendesha hivyo hivyo. Lakini shingo iliniuma kutwa nzima, na nilijua tangu mwanzo kwamba haikuwa uchovu. Nilikuwa na hofu.

Kupanda kutoka Mai Mahiu

Mpango ulikuwa hivi. Chebet amdunge mama yake tukikaribia Mai Mahiu, tuegeshe, Gogo aingie kwenye kibanda cha chai na binti yake, na mimi nikae huko kwa wenye malori hadi wamalize. Alidungwa. Kisha tukakuta polisi wamesimama katikati ya barabara wanapunga magari yote yapite, yasisimame, kwa sababu lori lilikuwa limelala upande kule juu mlimani na hawakutaka mkia wa foleni uzibe soko. Nilijaribu kumweleza mmoja wao kwamba nina mgonjwa. Aliniambia kila mtu leo ana mgonjwa.

Tukapanda kidogo, tukakwama. Mbele malori, nyuma malori, kando bonde. Wachuuzi walikuwa wamefika kabla yetu, kama kawaida yao, na Chebet akanunua chapati na mayai dirishani akampa mama yake. Nilimsikia Chebet akimwambia ale. Nikamsikia Gogo akijibu kwamba anakula. Jelagat, ambaye hajui kuficha kitu, akageuka akatazama nyuma kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Gogo ameweka chapati chini ya leso na haili.

"Baba Jelagat," Chebet akasema, "toka nje."

Nikatoka. Nikasimama karibu na bampa ya mbele. Chebet akanipungia mkono niende mbele zaidi. Nikaenda. Akapunga tena. Nikapita malori matatu hadi nyuma ya kona, nikasimama pale kwenye baridi na mikono mfukoni kama mtu aliyefukuzwa kwake. Dereva wa lori moja, mzee wa kofia ya sufu, alinitazama muda mrefu kisha akashusha kioo.

"Boss, umetupwa na bibi?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alisema kwao Bungoma pia ni hivyo hivyo, na kwamba yeye aliwahi kulala ndani ya lori uwanjani mwa wakwe zake siku ya mvua, wao wakiwa na vyumba vinne. Alinimiminia chai ya rangi kwenye kifuniko cha chupa yake. Nilikuwa katikati ya kuinywa foleni ilipoanza kusogea, na kila honi ya mlima ule ikaanza kulia, na zote zilikuwa zikiilalamikia Noah ya shemeji yangu.

Nilirudi mbio nikiteremka kando ya malori. Nilipolikaribia gari, Chebet alitoa mkono wote dirishani akanionyesha kiganja. Simama. Gogo alikuwa bado anatafuna. Nikasimama barabarani hivyo hivyo, hatua chache kutoka kwa gari langu, nikatazama bonde, na tanboi, msaidizi wa dereva wa lori la nyuma, akinitolea matusi ya kila namna na kuuliza kama nimerogwa. Kiganja kiliposhuka niliingia, nikatia gia, tukapanda hadi juu kabisa. Chebet alimpima mama yake sukari. Ilikuwa sawa. Lakini niliwaza kwamba hii ilikuwa ni chapati moja tu, na siku tatu zilikuwa mbele yetu.

Mtito Andei na jua lake

Nairobi tuliizunguka tukashika barabara ya Mombasa. Ukitoka kwetu hujui joto ni nini hadi ufike kule chini ya Emali. Watoto walivua masweta, kisha soksi, kisha wakaacha kuongea. Chebet akasinzia. Nyuma kabisa hakukuwa na sauti yoyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuendesha kwa masikio. Nilijua Gogo hawezi kuniita hata akizidiwa. Angemwita Chebet, na Chebet amelala, na sauti ya mwanamke mzee anayeishiwa na nguvu haishindani na injini ya Noah. Nilizima redio. Nilisikiliza kama atakohoa, kama atasogeza begi. Kila lori lililopita lilinifunika masikio na nikaanza kuhesabu upya ule ukimya. Mwishowe nilishindwa kuvumilia, nikaita jina la mke wangu kwa nguvu hadi Kigen akaamka akilia.

Chebet akaruka, akapanda juu ya kiti, akamfikia mama yake. Gogo alikuwa anatazama mibuyu dirishani. Alitaka kujua kelele ni ya nini. Chebet akamwambia ni mimi, nina wasiwasi.

"Mwambie aangalie barabara," Gogo akasema.

Mtito Andei tulikula kwa zamu, wao kwanza ndani ya hoteli na mimi nje kwa mafundi wa matairi, kisha mimi ndani. Mhudumu aliniuliza kwa upole kama kuna matatizo ya ndoa. Nilipomaliza, Chebet alikuja akakaa karibu nami peke yake, na ni hapo tulipogombana, kwa sauti za chini kwa sababu ya watoto. Alisema mambo haya yatamuua mama yake. Nilimwambia amwambie mama yake hivyo. Akasema amemwambia tangu mwaka jana, na kwamba labda mimi ndiye ningejaribu.

"Nijaribu aje? Nimwambie nini, na siruhusiwi kumwambia?"

"Ukitaka kujua ukweli," akasema Chebet, "sijui ni nani anaogopa zaidi kati yenu, yeye ama wewe."

Hilo lilinichoma. Nilinuna kutoka Mtito hadi Voi, na ndovu waliosimama kando ya reli nilikataa hata kusimama watoto wawapige picha.

Mji wa Kale

Tulifika Mombasa jua likiwa limeshuka kidogo. Mwenye nyumba, Bi Mwanaisha, mjane mnene mwenye kicheko kikubwa, alitupokea mlangoni kama watu aliowangoja mwaka mzima. Watoto aliwabusu, mimi alinishika mkono, Gogo alimkumbatia. Maji ya kuoga yalikuwa tayari. Chakula kilikuwa tayari. Alitukaribisha sebuleni, na pale katikati ya mkeka kulikuwa na sinia moja kubwa ya pilau, kachumbari pembeni, ndizi pembeni, na nafasi ya watu kuizunguka wote.

Gogo alikuwa ameshadungwa garini tulipofika Changamwe, mlangoni mwa mji, ili asichelewe. Aliitazama ile sinia. Alinitazama mimi nilivyosimama, yaani alizitazama nyayo zangu. Akafunga leso vizuri akasema hana njaa, akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi.

Bi Mwanaisha uso ulimshuka. "Mama yuwasusa? Kwani pilau yangu ina nini?"

Chebet akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Bi Mwanaisha alivyozidi kushangaa. Alisema nyumbani kwake mtu kula peke yake ni dalili ya ugomvi, na kwamba yeye mkwe wake akija humtilia nyama kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje uchochoroni. Nilisimama karibu na muuza viazi karai, vile vya kukaanga, nikiomba Mungu wanawake wale waelewane upesi, maana dawa ilikuwa mwilini mwa Gogo na haikuwa inangoja maelezo.

Walielewana. Bi Mwanaisha alimpakulia Gogo sahani, akampeleka jikoni, akakaa naye kwenye kibao, wakala pamoja. Niliporudi nilisikia vicheko huko nyuma. Gogo alikuwa anamwelezea jinsi ya kuhifadhi viazi visichipuke. Nililala vizuri siku hiyo, na nilidhani tumepata dawa ya tatizo letu. Kwa kweli ni hapo ndipo tuliposhika njia mbaya.

Ngomeni

Asubuhi, Chebet alimdunga mama yake kisha akashuka kuwavalisha watoto. Bi Mwanaisha alikuwa ameandaa mahamri na mbaazi, lakini alikuja kuitwa na jirani aliyekuwa na mgonjwa, akatoka mbio. Chakula cha Gogo alikiacha jikoni kimefunikwa kwa kawa, akijua Chebet atakuwa naye. Chebet naye, aliposikia vyombo vikigongana jikoni, alidhani mama yake anakula na Bi Mwanaisha kama jana. Na mimi, mjinga wenu, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko lile lile nikitafuta kiatu cha Kigen. Gogo alikuwa ndani akingoja niondoke. Sikuondoka. Nilikitafuta kiatu hadi kikapatikana, na kilipopatikana kila mtu alikuwa tayari kutoka.

Chebet alimuuliza mama yake kama amekula. Mimi nilikuwa karibu. Na mama mkwe hasemi habari za njaa mkwe wake akisikia.

"Nimeshiba," Gogo akasema.

Tukatembea. Si mbali, na wenyeji hawapaiti Fort Jesus bali Ngomeni. Nje ya lango watoto walisema wana kiu, nikanunua chupa ya juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, nikaibeba mimi kwa sababu Kigen humwaga. Ndani, Jelagat alichukua madaraka yote. Alituonyesha mizinga, akatueleza Wareno walivyojenga, jinsi kuta zilivyo nene, nani alimfukuza nani. Gogo aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa matumbawe akakiacha hapo.

"Muulize," alimwambia Chebet, "hawa waliojenga hivi walikuwa wanaogopa nani?"

"Kila mtu, Gogo," Jelagat akajibu bila kuulizwa.

Tuligawanyika, mimi na watoto kwenye mizinga, Chebet na mama yake kwenye vyombo vya kale. Baadaye Chebet alikuja haraka. Alisema Gogo amechoka, amemkalisha kwenye benchi la mawe kivulini, pale unapoona bahari kupitia uwazi wa ukuta, na amemwachia mkoba. Aliwachukua watoto kuwapeleka msalani kule langoni, kwa sababu Kigen alikuwa amekwisha kuanza kucheza ile ngoma yake. Aliniomba nimwangalie mama kwa mbali.

Nikaenda, nikasimama kando, nikampa mgongo kama inavyotakiwa. Upepo ulikuwa mwingi. Nilisikia kitu kikipigapiga jiwe nyuma yangu, na nilipogeuka kidogo niliona leso ya Gogo imedondoka chini inapepea, na Gogo haiokoti.

Alikuwa amekaa kichwa wazi. Nywele zake ni nyeupe zote. Sikuwa najua. Na alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, bila kuyahamisha macho, kama anayetazama ukuta. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni. Mtu mwingine angedhani ni bibi anayepumzika. Mimi nilijua pale pale kwamba Gogo anakufa, maana Gogo mwenye akili zake asingenitazama hivyo hata akitishwa kwa kisu.

Nilipiga simu ya Chebet. Ililia ndani ya mkoba, kando ya Gogo. Nikaita jina lake kuelekea langoni, upepo ukairudisha sauti. Ndipo nikaanza kukimbia huku na huku nikiita wanawake. "Mama yeyote! Akina mama, mtu anisaidie!" Wazungu wawili, wanaume wote, walisimama wakanitazama kwa wasiwasi wakarudi nyuma. Hapakuwa na mwanamke mwingine hata mmoja. Akatokea askari wa mlango wa pili, kijana wa huko huko pwani, akataka kujua kelele ni za nini.

"Mama amezidiwa, ana sukari, nataka mwanamke amshike."

"Huyu si mamako?"

"Ni mama mkwe."

Alinitazama kama ambaye hajasikia vizuri. "Sasa mkwe si mwana? Mshike, ndugu yangu, yuwaanguka!"

Gogo alikuwa anateleza kutoka kwenye benchi. Nilimfikia kabla kichwa hakijagonga jiwe. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumgusa, na alikuwa mwepesi, na baridi, na nguo zimelowa. Nikamwegemeza kifuani kwangu. Nilimwambia askari alete sukari, soda, chochote, naye akanionyesha mkono wangu. Chupa ya juisi ya miwa ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimekimbia nayo ngome nzima nikitafuta msaada.

Ninyi mnaonijua dukani mnajua kazi yangu. Najua kumnywesha ndama aliyelegea. Humiminii katikati ya koo, unavuta shavu kidogo, unatia tone moja moja pembeni, unangoja ameze. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na naomba habari hii isifike Olenguruone kwa maneno hayo. La kwanza lilimwagika. La pili akalimeza. Nilimpapasa koo kwa kidole nikimwambia, "Meza, Mama, meza," na sikujua kama nasema Kiswahili au lugha ya nyumbani. Aliinua mkono akanisukuma. Halafu mkono ule ule ukanishika kifundo cha mkono, ukakaza. Akanywa. Akanywa tena.

Hata chupa haikuwa imeisha macho yake yalipoanza kurudi. Yalizunguka, yakaiona bahari, yakamwona askari, kisha yakaniona mimi. Na sasa aliniona kweli. Aliona kifua alichoegemea ni cha nani na mkono ulioshika chupa ni wa nani. Akapeleka vidole kichwani, akakuta nywele. Niliokota leso nikamfunika, nikageuza uso upande. Hapo ndipo alipolia. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika dhidi yangu, na mimi sikuweza kumwachilia kwa sababu angeanguka, wala sikuweza kumshika vizuri kwa sababu sasa alikuwa anajua. Sijawahi kuona aibu namna ile. Nilikuwa nimempa uhai wake na kumnyang'anya kitu alichokitunza tangu ujana wake, vyote kwa chupa moja.

Chebet alirudi, akaona, akapiga magoti. Alikuwa na peremende za mama yake mfukoni muda wote huo. Niliondoka pale nikaenda nikakaa juu ya mzinga, na Jelagat akaniuliza mbona natetemeka na kuna jua.

Kurudi

Siku ya tatu tuliifuta. Kliniki ya jirani walimwona wakasema yuko sawa, akala jikoni na Bi Mwanaisha ambaye hakuacha kujilaumu, na alfajiri tukaondoka. Njia nzima Gogo hakusema neno, si kwa Chebet wala kwa watoto. Hata zile "mwambie" zake zilikwisha. Alijifunika leso hadi mdomoni. Chebet alimpa chakula kila saa yake ilipofika, nami nikatoka garini kila mara, na alikula.

Nilimpigia mjomba wangu kumuuliza kwetu inakuwaje mtu akimgusa mama mkwe hivyo, akimlisha, akimwona kichwa wazi. Mjomba alifikiri. Alisema yeye binafsi hajawahi kusikia, na kwamba ninunue blanketi. Nikalinunua Naivasha, zito, la buluu.

Olenguruone

Tulimpeleka kwake kesho yake. Kulikuwa na ukungu na matope, na mbwa alikuja kutulaki akilia kwa furaha. Nilimkabidhi Chebet blanketi ampelekee mama yake, kisha nikakaa sebuleni peke yangu kama siku zote. Huwa hivi: Gogo anapika jikoni, Chebet ananiletea chakula changu, wao wanakula huko. Nilisikia moto, nikasikia sauti zao chini chini, kisha nikasikia Chebet akisema, "Mama, una hakika?"

Mlango ukafunguliwa na Gogo akaingia mwenyewe na sinia ya ugali na mboga. Niliruka nikitaka kutoka. Hakunipisha. Aliweka sinia mezani, akavuta kigoda, akakaa ubavu ubavu, uso umeelekea dirisha, leso kichwani. Nami nikarudi kukaa, kwa kukosa njia. Nilitazama meza.

Alinawa. Alimega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Nilimsikia akitafuna. Nilitamani kufa. Alimeza, akamega tena, akala, na mimi nimekaa pale mikono juu ya magoti. Chebet alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni.

"Nilikusikia," Gogo akasema. Nilingoja neno "mwambie". Halikuja. Alikuwa anasema nami. "Kule kwenye ngome nilikusikia ukiita wanawake. Mwili ulikuwa umekufa lakini masikio yalikuwa yanasikia. Nilitaka kukuambia uje tu, mdomo ukakataa."

Nilihisi machozi na sikuyazuia, kwa kuwa hakuwa akinitazama.

"Siku ingine ikinishika," akasema, "usitafute mwanamke. Nilishe wewe."

"Sawa, Mama," nikasema.

Akasukuma bakuli la mboga upande wangu, akamega tena, akaendelea kula.